Shajara ya mradi: USS Constitution, bandari kwa bandari

Mahali: Mbeya mjini, na washiriki wengine Tukuyu, Iringa na Njombe
Hali ya sasa: zaidi ya nusu ya bandari zimepata bahasha, kurasa za pwani ya Atlantiki zinakaribia kukamilika, za Pasifiki bado zina mapengo

Februari: meli moja, safari moja

Mkusanyiko wa bahasha zenye mihuri ya posta ya manowari, usipowekewa mipaka, haumaliziki. Marekani ilianza kufungua ofisi za posta ndani ya meli zake za kivita mwaka 1908, na meli iliyopewa ofisi ilipata muhuri wenye jina lake. Anayesema anakusanya "mihuri ya manowari" na kuishia hapo anajitafutia sanduku la bahasha zisizojuana. Mradi huu una meli moja, USS Constitution, na safari moja: ziara ya bandari za Marekani iliyoanza Boston tarehe 2 Julai 1931 na kuishia hapohapo tarehe 7 Mei 1934. Bandari ni 76. Tunataka bahasha moja nzima, yenye muhuri unaosomeka, kutoka kila moja.

Constitution ni merikebu ya matanga, ya mbao, iliyoundwa kwa mizinga 44 na kushushwa majini Boston tarehe 21 Oktoba 1797. Katika miaka ya 1920 watoto wa shule walichanga senti zao ikarabatiwe, na ziara ilikuwa namna ya kuwaonyesha fedha yao imefanya nini. Ilikokotwa na meli ndogo ya kutegua mabomu, USS Grebe. Watu waliingia bure, zaidi ya milioni 4.6 kwa safari nzima, na ndiyo sababu bahasha zake ni nyingi hadi leo na bei yake inavumilika.

Kwa msomaji wa huku kuna sababu ya ziada. Mwaka 1844, ikiwa chini ya Kapteni John Percival katika safari ya kuzunguka dunia, meli hii ilipita Zanzibar, wakati wa Seyyid Said, Wamarekani wa Salem wakiwa tayari wanaleta amerikani na kuondoka na pembe za ndovu na sandarusi. Ukurasa wa kwanza wa albamu umetengewa ziara hiyo, na hautakuwa na muhuri wowote wa meli. Hapakuwa na posta ndani ya meli wakati huo, wala stempu za serikali ya Marekani, kwani zilianza 1847. Barua ya baharia ilipewa nahodha yeyote anayerudi nyumbani, ikafika bandarini, na hapo ndipo ilipopigwa neno SHIP na kuandikiwa deni la mpokeaji. Ukiuziwa "bahasha ya Constitution, Zanzibar 1844" yenye muhuri wa duara wenye jina la meli, rudisha bila mjadala.

Lilikuwapo pendekezo la kuchukua Königsberg, manowari ya Wajerumani iliyozamishwa na wenyewe kwenye delta ya Rufiji tarehe 11 Julai 1915. Ni ya karibu nasi kwa kila hali. Tatizo ni muhuri wake. Mihuri ya meli za kivita za Kijerumani ya enzi hiyo imeandikwa *Marine-Schiffspost* na namba, haina jina la meli, na namba ileile ilihamishwa kutoka meli hadi meli. Bila daftari la nani alikuwa na namba ipi na lini, unanunua namba tu. Ongeza bei na wingi wa za kughushi. Hilo ni la watu wenye mfuko mwingine.

Machi: ratiba kwanza, bahasha baadaye

Hakuna kilichonunuliwa mwezi huu. Kazi ilikuwa kujaza jedwali: mstari mmoja kwa kila bandari, wenye jina la mji, jimbo, siku ya kufika na siku ya kuondoka. Jedwali hili ndilo chombo kikuu cha mradi kuliko lenzi na taa, kwa sababu muhuri peke yake si ushahidi. Bahasha inathibitika pale mambo matano yanapokubaliana: bandari, tarehe, ushuru wa posta, karatasi na wino. Moja likikataa, mengine manne lazima yaeleze kwa nini.

Mitego ya majina imeandikwa pembeni kwa kalamu nyekundu. Portland ziko mbili, ya Maine na ya Oregon, na meli ilifika zote: ya kwanza 1931, ya pili 1933. Katika picha ndogo ya muuzaji, kifupi cha jimbo mara nyingi kimefunikwa na stempu au hakikushika wino. Basi soma mwaka ndani ya duara. Ukiwa 1931 ni Maine, ukiwa 1933 ni Oregon. Mwaka nao usiposomeka, tazama stempu, kwa maana iliyoelezwa hapa chini. Vivyo hivyo "Washington": mji mkuu ulitembelewa zaidi ya mara moja, na jimbo la Washington lililoko pwani ya Pasifiki lina bandari zake kama Seattle, Tacoma na Bellingham. Wauzaji huchanganya hizi kila siku, wengine kwa kutojua, wengine kwa kutojali.

Mpaka mwingine wa kuweka kwenye jedwali ni Desemba 1932, meli ilipopita mfereji wa Panama kwenda Pasifiki. Bahasha ya San Diego au San Francisco yenye tarehe ya ziara lakini kabla ya hapo haiwezekani.

Halafu ushuru. Ziara hii imekatwa katikati na mabadiliko ya bei, na hiyo ni bahati kwa mkaguzi:

Barua ya kawaida ya daraja la kwanza ndani ya Marekani ilikuwa senti 2 hadi tarehe 5 Julai 1932. Kuanzia tarehe 6 Julai 1932 ikawa senti 3. Kuanzia tarehe 1 Julai 1933 barua ya mji huohuo ilirudishwa senti 2, nyingine zikabaki 3. Barua ya ndege ilikuwa senti 5, ikapanda kuwa 8 siku ileile ya Julai 1932. Bahasha iliyoachwa wazi, yenye kitu kilichochapishwa ndani, ilipita kwa senti 1½ muda wote huo, na wakusanyaji wa zamani waliipenda bei hiyo kwa sababu ya ubahili unaoeleweka.

Kwa hiyo Portland yenye stempu moja ya senti 2 na ulimi wa bahasha uliogandishwa huenda ni ya Maine. Yenye senti 3 za zambarau, zile zenye picha ya Rais George Washington zilizotoka Juni 1932, haiwezi kuwa ya Maine ya 1931, hata muuzaji aapeje.

Aprili: kusoma muhuri

Muhuri wa mkono wa meli una sehemu mbili. Kushoto ni duara: jina la meli juu, tarehe katikati. Kulia ni mistari minene ya kulala inayoangukia stempu ili isitumike tena. Kati ya mistari hiyo huachwa nafasi, na karani wa posta, ambaye alikuwa baharia aliyepewa kazi hiyo, alipanga humo herufi za kubadilisha. Katika ziara hii nafasi hiyo ilibeba jina la bandari. Hapo ndipo utamu wote ulipo, na ndipo makosa yote yalipo.

Herufi ndogo zilizopangwa kwa mkono huanguka, hugeuka kichwa chini, hupinda. Karani aliyekuwa na magunia ya bahasha za wakusanyaji hakuwa na muda wa kurekebisha S iliyolala. Kosa la aina hiyo halipunguzi thamani ya bahasha. Wengine huliongezea bei. Kinachopunguza ni wino. Kidau kikiwa kimelowa mno, mistari huvimba na kuzika maneno. Kikiwa kikavu, nusu ya duara hupotea. Bahasha yenye kadi nene ndani iliyoishia nusu hutoa muhuri uliokatika pale ukingo wa kadi ulipo, kwa sababu chombo hakikupata kugusa bonde lililo pembeni yake. Ukiona mkato ulionyooka ndani ya duara, papasa bahasha kwa kidole: mara nyingi kadi bado imo.

Mpangilio wa aina za mihuri tunaotumia ni ule wa Dk. Francis Locy, ambao ndio lugha ya wakusanyaji wa meli za Marekani. Chama chao, Universal Ship Cancellation Society, kilianzishwa 1932, ziara ikiwa inaendelea. Kila umbo lina namba. Aina ya 3, yenye nafasi kati ya mistari, ndiyo utakayoiona mara nyingi katika miaka ya 1930. Herufi F ni kwa mihuri ya mapambo. Kwenye jedwali tunaandika namba ya Locy, kisha maneno ya kati ya mistari neno kwa neno kama yalivyo, pamoja na kosa lake. Usisahihishe. Karani akiwa amepanga jina la mji bila nukta, andika bila nukta.

Kisha kuna chapa ya kumbukumbu, ile picha ya upande wa kushoto: meli yenye matanga, nembo ya mji, salamu za chama cha wafanyabiashara au cha stempu cha mahali hapo. Haikuwa kazi ya posta. Bahasha isiyo na picha ni halali kabisa, na kwa macho yetu ni nzuri zaidi, kwa kuwa haina kinachogombana na muhuri. Soko halikubaliani nasi, na hilo linatufaa mfukoni.

Mei hadi Juni: kununua na kufikisha Mbeya

Bahasha za bandari kubwa hupatikana kwa dola chache kila moja. Nauli ya kuileta moja peke yake inaweza kupita bei yake, kwa hiyo utaratibu ni huu: nunua kwa muuzaji mmoja mafungu ya bahasha 10 hadi 20, omba azikusanye, atume mara moja. Fungu la bandari mchanganyiko lina marudio, lakini marudio ndiyo sarafu ya kubadilishana.

Maagizo kwa muuzaji huandikwa kabla ya kulipa. Bahasha ziwe ndani ya mfuko wa plastiki, kati ya kadi mbili ngumu zenye mawimbi yaliyopishana, moja wima na nyingine mlalo, ili kifurushi kisikunjike upande wowote. Stempu za kifurushi zibandikwe nje ya eneo la bahasha, kwa sababu muhuri wa posta wa leo hupigwa kwa nguvu na alama hupita hadi ndani. Kwenye fomu ya forodha, CN22, aandike namba ya bidhaa 9704, ambalo ni fungu la stempu na bahasha zilizotumika, na thamani halisi. Muuzaji anayeandika "zawadi" anadhani anakusaidia. Mkaguzi akifungua akakuta ankara humo, mzigo unalala. Anwani iwe ya sanduku la posta pamoja na namba ya simu, maana bila simu hakuna wa kukuarifu mzigo umefika.

Usikubali vipande vilivyokatwa. Zamani wakusanyaji walikata kona yenye stempu na muhuri, kipande cha inchi 2 kwa 4, wakatupa iliyobaki. Kipande kinafaa kulinganishia umbo la muhuri, basi. Anwani, ushuru, chapa ya kumbukumbu na mihuri ya nyuma vimekwenda. Wanafunzi wanaoanza kukusanya stempu huku kwetu hufundishwa kuloweka bahasha ili stempu itoke. Kwa mradi huu jambo hilo ni mwiko.

Julai: taa ya noti

Ukaguzi hufanyika usiku, chumba kikiwa giza, kwa taa ya UV ileile ambayo mawakala wa fedha na wenye maduka huitumia kukagua noti. Zipo za aina mbili na tofauti ni kubwa. Ya nanomita 395 hutoa mwanga mwingi wa zambarau unaofunika kila kitu. Ya nanomita 365 karibu haionekani, na hiyo ndiyo inayotakiwa. Soma maandishi kwenye kichwa cha taa kabla ya kununua, na usiiangalie kwa macho.

Karatasi ya miaka ya 1930 haina dawa za kung'arisha. Hizo zilienea kwenye karatasi baada ya vita kuu ya pili. Chini ya taa, bahasha halisi hubaki na rangi ya maziwa yaliyofifia, au kahawia hafifu. Bahasha ikiwaka buluu-nyeupe kama shati jipya lililofuliwa kwa sabuni ya unga, karatasi yake ni ya baadaye, na muhuri wa 1932 juu yake ni uongo. Lakini usikimbilie hukumu kwa kuona doa tu linalowaka. Lebo ya anwani iliyobandikwa baadaye huwaka, gundi mpya huwaka, hata kidole kilichoshika sabuni huacha alama. Tazama karatasi yenyewe, ndani ya ulimi wa bahasha, ambako hakuna aliyegusa.

Udanganyifu unaokutwa zaidi hauko kwenye muhuri. Uko kwenye picha. Bahasha halisi isiyo na chapa huchapishwa picha ya meli miaka mingi baadaye, halafu bei inapanda mara kadhaa. Weka lenzi ya mara 10 mahali picha inapogusana na muhuri au mwandiko wa anwani. Chapa ya asili ilikuwapo kabla bahasha haijapelekwa melini, basi wino wa muhuri upo juu yake. Ukikuta wino wa picha umepanda juu ya mstari wa muhuri, picha imekuja baadaye. Vitone vya rangi nne vilivyotawanyika kama vumbi ni printa ya nyumbani, hapo huhitaji hata kuuliza.

Anwani nayo husema. Kalamu ya mpira ilianza kuuzwa Marekani Oktoba 1945. Mkwaruzo wenye bonde katikati na matone ya wino mazito haufai kwenye bahasha ya 1933. Namba ya kanda baada ya jina la mji ilianza 1943, na namba ya tarakimu tano mwaka 1963. Ukiona mojawapo kwenye anwani ya asili, mjadala umekwisha.

Wapo pia makarani waliopiga muhuri wa bandari meli ikiwa imeshaondoka, ili kumaliza magunia. Karatasi sahihi, wino sahihi, chombo sahihi, tarehe pekee hailingani na ratiba. Hizi hatuzitupi. Zinawekwa ukurasa wa nyuma wa bandari husika na maelezo ya siku zilizopishana.

Agosti: plastiki na kurasa

Mifuko mingi ya faili inayouzwa madukani ni PVC. Inanuka, ni laini, na baada ya miaka hutoa mafuta yanayoyeyusha wino wa muhuri na kugandisha stempu. Jaribio la kuitambua halina gharama. Chukua waya mnene wa shaba, uvue ganda lake lote, uushike kwa koleo. Uchome kwenye moto wa jiko la gesi mpaka mwali usiwe na kijani. Ukiwa bado wa moto uguse plastiki ili chembe ishike, urudishe motoni. Kijani angavu ikilipuka kwenye mwali, kuna klorini humo, na mfuko huo haufai. Fanya nje, upepo ukiwa mgongoni, kwa kuwa moshi wake ni sumu. Na uhakikishe hujashika waya kwa vidole, maana chumvi ya jasho nayo ina klorini na itakudanganya.

Mbadala ni polyester au polypropylene. Ya kwanza ni ngumu, angavu, hutoa mlio mkali ukiikunja, na inaagizwa. Ya pili inapatikana hapa: makontena ya chakula yenye pembetatu na namba 5 chini ni polypropylene, na ndiyo masanduku yetu.

Bahasha nyingi za ziara hii zina kipimo cha namba 6¾, yaani milimita 92 kwa 165. Kwenye karatasi ya A4 iliyosimama huingia mbili: 184 za bahasha, 15 za nafasi kati yake, 20 juu na 20 chini, zinabaki milimita 58 za maandishi. Zinatosha kwa mistari minne chini ya kila bahasha: bandari na siku za ratiba, aina ya Locy na maneno ya kati ya mistari, ushuru, na la ajabu kama lipo. Hakuna gundi. Kila bahasha inashikwa na pembe nne za polyester zilizokunjwa kwa mkono kutoka kwenye utepe wa milimita 15, na gundi ya pembe inagusa karatasi ya albamu tu.

Fundi seremala wa Mwanjelwa ametengeneza fremu ya maonyesho ya kurasa 16, nne kwa nne. Kurasa zenyewe ni milimita 840 kwa 1,188. Ukiongeza nafasi ya 10 kati ya ukurasa na ukurasa na pembezoni, ndani inakuwa 890 kwa 1,238. Mbao mbichi hutoa asidi, kwa hiyo nyuma imefunikwa kwa karatasi ya alumini, kisha kadi nyeupe. Kwenye maonyesho ya nje, mathalani viwanja vya Nane Nane, tunapeleka nakala za rangi. Jua la Agosti la Mbeya ni kali kuliko baridi yake inavyodanganya, na wino wa zambarau wa chapa za mpira hufifia kwanza.

Oktoba: skana

Skana ya bei nafuu yenye kifyonza-mwanga cha CIS huona vizuri kilichogusa kioo tu. Bahasha iliyovimba kwa kadi ya ndani hutoka na ukungu pembeni. Ama tumia ya CCD, ama weka kitabu kizito juu ya kifuniko, si zaidi ya kilo 2, stempu zisiache alama.

Kiwango ni dpi 600, TIFF, pande zote mbili. Kwa kiwango hicho milimita moja ni pikseli 23.6, na kipenyo cha muhuri hupimwa kwenye kompyuta kwa usahihi kuliko rula: pikseli 756 ni milimita 32. Upande mmoja wa bahasha hula takriban MB 25. Bandari zote 76 kwa pande mbili hazifiki GB 4. Zima "kuboresha rangi" na "kuondoa vumbi" kwenye programu. Kipengele cha pili hasa ni adui, kwani hufuta nukta ndogo kati ya herufi za muhuri kikidhani ni uchafu.

Jina la faili huanza na mwaka, mwezi, siku, kisha mji na jimbo, ili yajipange yenyewe kwa mpangilio wa safari.

Novemba: mvua

Mvua zimeanza, na unyevu ndani ya nyumba unapanda. Tukuyu hali ni ngumu kuliko Mbeya mjini. Karatasi inataka unyevu wa asilimia 40 hadi 50, usiopandapanda. Vipima unyevu vya bei ndogo hutofautiana kwa asilimia 10 bila aibu, hivyo kila kimoja kimepimwa kwa chumvi: kijiko cha chumvi ya mezani kwenye kizibo cha chupa, matone ya maji mpaka iwe uji mzito, vyote pamoja na kipima ndani ya mfuko uliofungwa usiku kucha. Asubuhi kipima kinapaswa kusoma 75. Kikisoma 69, andika "+6" kwa kalamu mgongoni mwake, kazi imeisha.

Kila sanduku lina gramu 50 za silika ndani ya mfuko wa kitambaa, pembeni, bila kugusana na bahasha. Punje za rangi ya machungwa zikigeuka kijani hurudishwa kwenye oveni ya nyuzi 110 hadi 120 kwa saa mbili au tatu. Zile za buluu zinazogeuka waridi zina kobalti; tumeziacha.

Pini na vibanio vya chuma vimeondolewa vyote, hata vilivyokuja ndani ya bahasha toka enzi hizo, kwani kutu hula karatasi taratibu kutoka ndani. Harufu ya ukungu ikitoka kwenye fungu jipya, fungu hilo hukaa peke yake wiki kadhaa kwenye sanduku lenye silika mara mbili, na vumbi la ukungu hupanguswa nje kwa brashi laini karatasi ikiwa imeshakauka. Ukipangusa ikiwa mbichi unaisambaza.

Januari: mapengo

Bandari kubwa zimeingia zote: Boston, New York, New Orleans, San Francisco, Seattle. Zinazosumbua ni za miji midogo, ambako meli ilikaa siku chache na hakukuwa na chama cha stempu cha kuagiza mamia ya bahasha. Kwa hizo tunakubali hali duni: kona iliyopasuka, doa la maji, muhuri wa robo tatu, mradi jina la bandari lisomeke. Washington, D.C. ni kinyume chake, maana meli ilikaa huko miezi kadhaa ya 1932. Hapo tuna nafasi ya kuchagua, na tunatafuta jozi: moja ya senti 2 ya kabla ya tarehe 6 Julai, na moja ya senti 3 ya baada yake, kutoka gati lilelile.

Bahasha za baadaye, kama zile za Boston za tarehe 21 Oktoba 1947 ilipotoka stempu ya senti 3 ya kumbukumbu ya miaka 150, zimewekwa faili tofauti. Muhuri wake ni wa posta ya nchi kavu.

Tawi jipya ni maombi ya mihuri kwa manowari za Marekani zinazofanya kazi sasa. Bahasha mbili zinatayarishwa kwa kila meli: ya nje yenye stempu za Tanzania, anwani ya ofisa wa posta wa meli na FPO yake, yaani msimbo wa posta ya meli za kivita (AE na namba inayoanzia 09 kwa upande wa Ulaya na Mashariki ya Kati, AP na 96 kwa Pasifiki), na ya ndani yenye anwani yetu. Ya ndani lazima iwe na stempu ya Marekani, maana posta ya meli haitumii nyingine. Stempu moja ya Marekani iitwayo Global Forever inafikisha hadi Tanzania barua isiyozidi aunsi 1, yaani gramu 28. Ulimi usigandishwe, ukunjiwe ndani. Weka kadi ya milimita 88 kwa 160 inayojaa bahasha nzima, ili muhuri usikatike. Barua ya maombi iwe ya Kiingereza, mistari mitatu: tunaomba muhuri wa mkono, usomeke, asante. Usitaje tarehe maalumu wala usiulize meli iko wapi. Swali hilo halijibiwi, na laweza kuifanya barua yote iwekwe kando.

Majibu huchukua miezi, mengine hayaji kwa kuwa meli iko matengenezoni na posta yake imefungwa. Kundi la kwanza limeshapelekwa posta. Kwa ubadilishanaji, marudio tuliyonayo kwa sasa ni ya Boston, New York na Washington, D.C.; tunayohitaji kwanza ni Bellingham, Astoria na Corpus Christi.